Mjusi Aliyefuata Waya

Haya, wajomba zangu, sogeeni karibu. Mwenye karanga agawe. Leo nawasimulia habari za mjusi aliyejua kutengeneza mtandao.

Mnacheka? Chekeni tu. Lakini niwaulize: ni nani anayeishi nyuma ya ruta usiku na mchana? Si baba. Si mama. Hata fundi haishi pale. Ni mjusi. Pale nyuma pana joto, na mjusi anapenda joto. Amekaa hapo miaka, anasikiliza. Haongei ovyo.

Basi palikuwa na binti mmoja wa darasa la tano. Jioni moja alikuwa akitazama somo la sehemu kwenye kompyuta ya dada yake. Mwalimu wa kwenye video akasema, "Sasa tunagawanya kwa..." na hapo hapo akaganda, mdomo wazi. Kiduara kikatokea katikati ya kioo. Kikazunguka. Kikazunguka. Kikazunguka.

Kaka mtu akasema, "Kompyuta imekufa hiyo. Inunuliwe nyingine."

Shangazi akasema, "Kampuni zenyewe hizi! Kazi yao kula hela."

Bibi akasema, "Umeme mdogo leo."

Binti hakusema kitu. Alinyanyua mkono aichape ruta kofi.

"Tsk, tsk, tsk," sauti ikatoka ukutani. "Ukimchapa huyo, kesho utalichapa na friji?"

"Shikamoo, Babu Mjusi," akasema binti, maana alilelewa akaleleka.

"Marahaba, mjukuu wangu. Nimewasikia wote. Kaka amebahatisha, shangazi amebahatisha, bibi naye amebahatisha. Nani ameuliza swali hata moja?"

Kimya.

"Basi mimi na wewe hatubahatishi. Tunafuata waya. Niambie, maji ya nyumba hii yanatoka wapi?"

"Kwenye bomba la uani."

"Na bomba la uani linayapata wapi?"

"Kwenye bomba kubwa la barabarani."

"Na bafuni yanafikaje?"

"Tunachota kwa ndoo."

"Siku ukienda kuoga ukakuta hakuna maji, mkosaji ni nani?"

Binti akafikiri. Mtoto anayefikiri msimkatishe, mwacheni. Akasema, "Labda ndoo imetoboka. Labda bomba la uani limeziba. Au huko barabarani yamekatika."

"Hongera! Ushakuwa fundi nusu. Kompyuta ni ndoo. Ruta ni bomba la uani. Kampuni inayowauzia mtandao ni bomba la barabarani. Tunaanza na ndoo, tunakwenda uani, ndipo tunatoka barabarani. Hatuchimbi barabara kabla ya kutazama ndoo."

"Na kutoka kwenye ruta mpaka kwenye kompyuta, mbona sioni mtu anayebeba?"

"Swali zuri hilo! Wanaobeba ni mawimbi ya redio. Ndiyo Wi-Fi yenyewe. Huyaoni, lakini yamejaa sebuleni hapa. Tutayafikia. Sasa lete ndoo nyingine."

Ndoo nyingine ilikuwa simu ya bibi. Mjusi akasema, "Kwanza zima data ya simu. Ibaki Wi-Fi peke yake." Hapa, wajomba zangu, ndipo watu wazima wengi wanapojikwaa, ila msiwaambie nimewasema. Mtu anachukua simu, anaona inafungua kila kitu, anasema mtandao wa nyumbani ni mzima. Kumbe simu inatumia bando lake mfukoni, ruta haihusiki kabisa. Kachota maji kwa jirani, anasifu bomba lake.

Binti akazima data. Akajaribu. Simu nayo ikazungusha kiduara.

"Kwa hiyo si kompyuta," akasema.

"Kwa hiyo si kompyuta. Mwambie kaka yako hela ya kompyuta mpya airudishe mfukoni. Ingekuwa simu inapata na kompyuta haipati, tungebaki hapa kwenye ndoo. Lakini zote hazipati. Twende uani."

Uani kwenyewe ni ruta. Ilikuwa juu ya kabati, nyuma ya televisheni. Imefunikwa kitambaa cha kufuma, na juu ya kitambaa chombo cha maua ya plastiki. Binti alipokiondoa kitambaa, Ruta akapumua.

"Ahsante, mwanangu. Nilikuwa nafukuta."

"Unaumwa?"

"Naumwa kazi. Hamjanizima tangu Idi. Unaijua kazi yangu? Kila kifaa kinachoingia humu ndani nakipa nambari. Mimi mwenyewe ni 192.168.1.1. Simu ya bibi nimeipa inayoishia na 4. Kompyuta ya dada, inayoishia na 7. Kila ombi linalotoka naliandika: nani kauliza nini, jibu lirudi kwa nani. Nyumba moja, simu tano, televisheni moja, kompyuta mbili, na majirani wawili mliowapa neno la siri. Kumbukumbu yangu ni ndogo. Ikijaa, nachanganyikiwa."

"Ndiyo maana watu wanasema zima, washa?"

"Ndiyo hivyo. Ukinizima, kumbukumbu zile zinafutika, naanza upya. Lakini nizime vizuri. Chomoa waya wa umeme ukutani, hesabu hadi 30, ndipo uchomeke."

"Kwa nini 30? Kwa nini nisichomoe na kuchomeka papo hapo?"

Mwaona mtoto huyu? Mwingine angehesabu tu. Huyu anataka kujua kwa nini. Mtoto wa namna hii mpeni karanga mbili zaidi.

"Kwa sababu ndani yangu mna vidude viitwavyo kapasita," Ruta akajibu. "Vinatunza umeme kidogo. Ukichomoa na kuchomeka haraka haraka, umeme ule unaweza kuniweka macho, nisizime sawasawa. Na nikishawaka, nipe dakika mbili tatu. Usinipigie kelele. Tena nikuombe jambo. Nyuma yangu pana kitundu kidogo cha kubonyeza kwa pini. Kile usikiguse! Kile hakinilazi, kinanifuta. Jina la Wi-Fi linapotea, neno la siri linapotea, na mipangilio aliyoweka fundi inapotea. Kile ni cha fundi, au cha mtu mzima mwenye karatasi yenye mipangilio yote."

Binti akachomoa. Akahesabu hadi 30 bila kuruka. Akachomeka. Taa zikaanza kuwaka moja baada ya nyingine. Ya umeme, kijani. Ya Wi-Fi, kijani. Kisha moja ikawaka nyekundu, ikaanza kupepesa.

"Babu Mjusi! Hii nyekundu imeandikwa LOS."

"Ahaa. Sasa twende barabarani. Fuata waya."

Mjusi akatangulia ukutani, binti akafuata kwa kidole. Nyuma ya ruta ulitoka waya mwembamba mweupe. Ukashuka kando ya kabati. Ukapita ukingoni mwa sakafu. Ukafika kwenye kochi, ukaingia chini yake, na hapo mguu wa kochi ulikuwa umeukanyaga, umepindika ukaweka kona kali. Asubuhi ile shangazi alikuwa amesogeza makochi ili apige deki.

"Huo si waya wa umeme," akasema Mjusi. "Ni faiba. Ndani yake mna uzi wa kioo. Ukizipanga nyuzi kama huo 8 ubavu kwa ubavu, ndipo unapata milimita moja. Ndani ya uzi unapita mwanga, kilometa 200,000 hivi kila sekunde. Ruta ikisoma mwanga huo unavyowaka na kuzima, inapata habari zako. Ukiuzungusha taratibu, mwanga nao unazunguka. Ukiuvunja kona, mwanga unavuja njiani. Taa ya LOS ikiwa nyekundu, inasema: mwanga haunifikii."

"Naweza kuchungulia kwenye ncha nione huo mwanga?"

"Usithubutu. Macho hayauoni, na yanaweza kuumia. Na uzi wa kioo ukikatika hausokotwi kwa vidole wala haugundishwi kwa utepe. Fundi anakuja na mashine yake, anauyeyusha ncha kwa ncha."

Kaka akaitwa kulinyanyua kochi. Safari hii hakusema kitu kuhusu kompyuta mpya. Waya ukatolewa, ukanyooshwa pole pole. Nyekundu ikazima. Kijani ikawaka, ikatulia. Na kule kwenye kompyuta mwalimu akafunga mdomo wake, akamaliza kugawanya.

Lakini binti alikuwa bado ana maswali.

"Na kama ile nyekundu isingezima?"

"Mngepiga simu kwa kampuni. Usiseme tu mtandao unasumbua. Sema hivi: taa ya LOS ni nyekundu inapepesa, tumezima na kuwasha, waya wa ndani haujapindika. Atakayepokea simu ataacha kukuuliza kama umechomeka umeme."

"Na kama taa zote ni kijani, mtandao haupo?"

"Kwanza muulize mama kama kifurushi cha mwezi kimelipiwa. Nimeona nyumba nzima inalaumu ruta, kumbe malipo yameisha jana usiku. Kikiwa kimelipiwa, tumia ping. Ni programu ndogo, imo kwenye karibu kila kompyuta. Mmarekani mmoja, Mike Muuss, aliiandika Desemba 1983 kwa sababu mtandao wa ofisini kwake ulikuwa unamtatiza. Kazi yake ni moja: inaita, inangoja kuitikiwa. Andika ping, acha nafasi, andika 192.168.1.1. Ruta ikiitika, ndoo na bomba la uani ni vizima. Kisha ita 8.8.8.8, kompyuta za Google zilizo mbali. Zisipoitika na ruta imeitika, basi tatizo limetoka nje ya ukuta wenu."

Na je, ruta zote ni 192.168.1.1? Hapana, nyingine ni 192.168.0.1 au nambari tofauti kabisa. Geuzeni ruta tumboni, pana karatasi imebandikwa, mara nyingi nambari iko hapo. Na mkiona kompyuta yenu ina nambari inayoanza na 169.254, jueni iliomba nambari, ikangoja, haikupewa, ikajipa yenyewe. Nambari hiyo haifiki intaneti.

Wakati mwingine bomba lililokatika liko mbali kweli kweli. Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024, mikongo miwili ya baharini, EASSy na Seacom, ilikatika chini ya bahari huko upande wa Afrika Kusini. Tanzania, Kenya, Msumbiji, Uganda, watu wakahangaika. Ruta zilikuwa na taa za kijani. Kompyuta zilikuwa nzima. Watu wakazima na kuwasha, wakazima na kuwasha, na hakuna ruta duniani ingeweza kuunga mkongo ulio sakafuni mwa bahari. Meli maalumu ndiyo ilikwenda kuuvua na kuuunga. Siku kama hiyo, mjomba, soma kitabu.

Sasa yale mawimbi aliyoyaahidi Mjusi. Yako ya aina mbili kwenye ruta nyingi: ya gigahezi 2.4 na ya gigahezi 5. Ya 2.4 hufika mbali na kupenya kuta vizuri zaidi, ila si mepesi sana. Ya 5 yana kasi, lakini ukuta unayachosha. Ukiwa chumba kimoja na ruta, chagua 5. Ukiwa chumba cha mwisho, chagua 2.4. Wenye kukaa Mji Mkongwe wa Unguja wanalijua hili bila kufundishwa: kuta zile za mawe ya matumbawe na chokaa ni nene, unafunga mlango wa chumba na Wi-Fi inabaki ukumbini. Mabati yanazuia. Kioo kikubwa cha kabati, kile chenye rangi ya fedha mgongoni, kinazuia. Oveni ya maikrowevu nayo hutumia mawimbi ya karibu na 2.4, kwa hiyo anayepasha wali jikoni anaweza kukukwamishia video. Ruta ikae juu, katikati ya nyumba, wazi. Na kitambaa cha kufuma? Bibi alinuna kidogo, lakini alikihamishia kwenye redio.

Baada ya siku ile binti na Mjusi wakawa marafiki, na kila kifaa kilichoumwa wakakifuata pamoja. Mjusi alikuwa na majivuno yake. Alipenda kusimulia kwamba tarehe 9 Septemba 1947, Chuo Kikuu cha Harvard huko Marekani, kompyuta kubwa iitwayo Mark II ilikorofisha, na mafundi walipoichungulia wakakuta nondo amekwama ndani. Wakamtoa, wakambandika kwa utepe kwenye daftari la kazi. Daftari hilo limehifadhiwa makumbusho, na nondo wake. "Wangekuwa na mjusi mmoja tu," anasema, "wala yasingewafika."

Kompyuta ya dada ikawa inajizima yenyewe mchana. Fuata joto: tundu za feni zilikuwa zimejaa vumbi, na dada alikuwa anaitumia juu ya godoro, godoro linaziba pumzi. Ikasafishwa, ikawekwa mezani. Imekwisha hiyo.

Ya kaka ikawa haionyeshi picha, inalia tu, tiii, tiii, tiii. Kompyuta nyingi hulia hivyo zinaposhindwa kuiona kumbukumbu, ile RAM. Ni kibao kirefu chembamba chenye meno ya rangi ya dhahabu. Mara nyingi kimelegea tu, au meno yamepata uchafu. Mafundi wetu mtaani huchukua kifutio, kile cha shule, wakayasugua meno taratibu, wakapangusa vumbi la kifutio, wakakirudisha mpaka kilie "kip." Lakini hii hufanyi peke yako. Mwite mkubwa. Kompyuta imezimwa, imechomolewa ukutani, na ikiwa ya kubebeka betri imetolewa kama inatoka. Kabla ya kugusa kibao, gusa chuma cha boksi la kompyuta, umeme mdogo wa mwilini mwako uondoke. Wewe huusikii, kibao kinausikia. Na boksi la umeme, lile lenye feni nyuma linalopokea waya wa ukutani, halifunguliwi. Hata likichomolewa, humo ndani umeme unaweza kuwa umebaki.

Diski ikianza kugonga, tk, tk, tk, usiizime na kuiwasha ujaribu bahati. Nakili kwanza picha na kazi zako kwenye diski nyingine. Matengenezo baadaye.

Sasa niwape ile iliyomtesa binti mpaka akakaribia kulia. Mama alikuwa na kompyuta ya mezani, ya zamani, imekaa stoo miezi mingi. Ikatolewa, ikafutwa vumbi, ikawashwa. Taa za ruta, kijani. Simu ya bibi, inapata. Ping inaitika. Lakini kila tovuti anayofungua inagoma: muunganisho wako si salama, rudi nyuma. Ya shule, inagoma. Ya benki ya mama, inagoma.

"Nimefuata waya wote," akasema binti. "Waya ni mzima."

"Basi rudi kwenye ndoo. Usitazame katikati ya kioo. Tazama pembeni, chini kulia."

Binti akatazama. Saa ilikuwa inaonyesha tarehe 1 Januari 2010.

"Kwani saa inahusu nini na tovuti?"

"Inahusu sana. Tovuti inapofunguliwa, inaonyesha cheti cha kuthibitisha kwamba ni yenyewe, si tapeli. Cheti kina tarehe ya kuanza na tarehe ya kwisha. Kompyuta ya mama inaamini leo ni mwaka 2010. Inasoma cheti, inaona hakijaanza kazi bado. Inasema huyu ni mwongo. Inafunga mlango. Inakulinda, mjukuu wangu, ila inakulinda kwa kalenda mbovu."

Binti akacheka. Akarekebisha tarehe kwa mkono, na tovuti ya shule ikafunguka hapo hapo. Usiku umeme ukachomolewa. Asubuhi, 1 Januari 2010 tena.

"Kwa nini inasahau?"

"Kwa sababu kinachokumbuka wakati kompyuta imechomolewa ni kibetri kidogo kwenye bodi kuu. Kimezeeka."

Baba akafungua boksi, kompyuta ikiwa imezimwa na kuchomolewa. Kilikuwepo, cha mviringo, kinang'aa, kimeandikwa CR2032. Jina hilo lina vipimo vyake: 20 ni upana, milimita 20, 32 ni unene, milimita 3.2. Umeme wake ni volti 3. Duka la saa wanacho. Binti alipiga picha kwanza aone upande gani umetazama juu, ulikuwa wenye alama ya kujumlisha, ndipo baba akakibanjua na kuweka kipya. Wakaweka tarehe mara moja tu. Haijapotea tena.

Ila kile cha zamani hawakukiacha mezani, na nyinyi msikiache. Mtoto mdogo huona kitu kinang'aa, hutia mdomoni. Kikikwama kooni kinaweza kuunguza nyama ndani ya saa 2, hata kama kimeshindwa kutunza saa ya kompyuta. Akimeza, ni hospitali saa hiyo hiyo, hakuna kungoja aone choo. Kwa hiyo chukueni utepe, kizungusheni pande zote mbili, mpeni mama mkononi.